Pindo Linapofika Kwenye Kona

Vikao vya wasanidi programu ni fani kama fani nyingine, na sijui kwa nini hakuna anayevihakiki. Tunahakiki riwaya, tunahakiki filamu, hata hotuba za mazishi tunazipa maksi tukirudi nyumbani. Lakini mtu akisimama mbele ya ukuta mweupe dakika ishirini kueleza kwa nini mstari wake ulikuwa unakataa kupinda, huyo tunamwacha apite. Mimi nimewafuatilia watu hao kwa muda sasa nikiwa hapa Ukunda, kwa rekodi ninazozishusha usiku, bando la usiku likiruhusu. Nyingi ni za Libre Graphics Meeting, kongamano la programu huria za uchoraji lililoanza Lyon, Ufaransa, mwaka 2006, na katika hizo nachagua zile za Inkscape, programu ya kuchora vekta. Niliacha chuo mwaka wa pili. Mihadhara naijua, na kusinzia ndani ya mihadhara nakujua vizuri zaidi. Humu sisinzii, na nimetaka kujua kwa nini.

Nitoe hoja yangu mapema. Vikao hivi ni vizuri pale msanidi anapofungua kitu kilichovunjika mbele za watu, na vinaharibika pale anapoanza kumzungumzia "mtumiaji". Huyo mtumiaji wao mimi simjui. Hajawahi kungoja stima irudi ndipo amalize bango la mteja aliyeketi mlangoni. Na kwa vile programu inatengenezwa kwa kumfikiria yeye, kuna michoro ya Pwani hii ambayo miaka kumi ijayo itakuwa ndani ya flashi na hakuna mashine itakayoifungua. Hilo limeshaanza kutokea, nitalifikia.

Kwa asiyeijua vekta: picha ya simu imejengwa kwa vidoto. Ukiikuza iwe bango la ukutani, vidoto vinakutokea usoni. Mchoro wa vekta hauna vidoto, una maagizo. Anzia hapa, nenda pale, pinda hivi, funga. Ndiyo maana mchoro mmoja unaweza kukaa kwenye stika ya boda na kwenye ukuta wa ghorofa na ukingo wake ukawa safi kote kuwili. Aina ya faili ambayo Inkscape inaitumia ni SVG, kanuni iliyopitishwa na W3C mwaka 2001, na uzuri wake ni kwamba ni maandishi. Yaani ukilifungua faili la SVG kwa Notepad, ile Notepad ya kawaida, unalisoma. M ni inua kalamu uiweke hapa. L ni mstari ulionyooka. C ni mpindo. Z ni rudi ulikoanzia. Msomaji wa jarida hili anapaswa kusimama kidogo hapo: kuna mchoro ambao ni andiko, wenye vitenzi vyake, na mtu asiye na programu yoyote ya kuchora anaweza kuurekebisha kwa kubadilisha tarakimu moja.

Huo mpindo wa C una kisa chake. Hesabu zake alizipata Paul de Casteljau akiwa mfanyakazi wa Citroën mwishoni mwa miaka ya 1950, na kampuni ikazifungia kabatini kama siri ya biashara. Pierre Bézier wa Renault akafika mahali pale pale kwa njia yake katika miaka ya 1960, yeye akachapisha. Leo dunia nzima inaiita mipindo ya Bézier. Kila nikiona msanidi anaeleza mpindo huo kwa fomula tupu bila kukitaja kisa hiki, naona amesahau mfukoni hadithi bora kuliko zote alizokuja nazo. Ameketi mbele ya watu walioamini kwamba msimbo haupaswi kufichwa, na haambii hadhira kwamba chombo wanachokitumia kila siku kimebeba jina la yule ambaye hakufichwa.

Inkscape yenyewe ilizaliwa kwa ugomvi wa adabu. Raph Levien alianza programu iliyoitwa Gill. Lauris Kaplinski akaichukua, akaikuza, ikawa Sodipodi. Mwaka 2003 wasanidi wanne waliokuwa wakimsaidia wakaona hawaelewani naye kuhusu njia ya kufuata, wakauchukua msimbo wakaanza yao. Hawakuiba, leseni iliwaruhusu. Kwetu mtu akitoka kwenye duka la mwenzake na nakala ya kazi zote, kesho yake kuna kesi kwa chifu. Toleo la 1.0 lilitoka Mei 2020, yaani miaka kumi na sita na ushei ya kujiita haijaiva huku watu wanaila. Nawapenda kwa hilo.

Sasa, kuhusu kuvunjika. Chukua kisa cha 90 na 96, ambacho kila aliyeitumia Inkscape kabla ya 2017 alikutana nacho. Zamani programu ilihesabu pikseli 90 kwa inchi moja. Kanuni za kurasa za intaneti zinasema 96. Ili iende sambamba na wenzake, toleo la 0.92 la Januari 2017 likahamia 96. Sawa. Lakini faili ulilolichora zamani, ukilifungua kwa toleo hilo, pikseli zake ni zile zile ila inchi zake zimepungua. Kilichokuwa sentimita 80 kinasomeka 75. Hebu fikiria stika ya kioo cha mbele cha tuktuk, jina la mtoto wa mwenye tuktuk kutoka kona hadi kona, imekatwa kwenye vinyl na imekuja fupi kwa upana wa vidole vitatu. Programu ilikuwa inakuuliza kwa kisanduku ufanyeje na faili hilo, lakini kisanduku chenyewe kilizungumza kama wakili, na fundi mwenye foleni mlangoni alibonyeza chochote ili kiondoke.

Msanidi anaposimulia kisa cha namna hii vizuri, anakupa vitu ambavyo riwaya nyingi zinashindwa kunipa: uamuzi ambao haukuwa na jibu safi, watu wanaoumia kwa sababu ambazo hazikuwa za ubaya, na mtu anayesema "tulijua kuna watakaolia, tukaendelea". Hakuna shujaa. Kuna tarakimu mbili na lawama. Nimeona wasimulizi wa vikao hivi wanaotetemeka sauti, wanaofungua programu mbele ya watu ikajizima, wakacheka, wakaifungua tena. Hiyo kujizima sijawahi kuiona ikikatwa kwenye rekodi, na ni sawa isikatwe.

Kisa cha pili ninachokipenda ni cha mstatili mweusi. Inkscape iliwahi kutumia njia ya kupanga maandishi ndani ya umbo iliyotoka kwenye rasimu ya SVG 1.2. Rasimu ile kamili haikuwahi kuwa kanuni, iliachwa njiani. Matokeo yake, andiko lililokaa vizuri ndani ya Inkscape, ukilifungua kwenye kivinjari cha intaneti, lilitokea mstatili mweusi. Maneno yamo. Ukilifungua faili kwa Notepad unayasoma yote, hata koma. Ila anayetazama anaona jeneza. Tavmjong Bah, aliyeiwakilisha Inkscape kwenye kikundi cha W3C kinachoandika kanuni za SVG, alipambana pia na jambo la karibu na hilo: rangi za matundu kama ya wavu, zinazoweza kuyeyushana pande zote kama ngozi ya embe. Inkscape ikaziweka kwenye 0.92. SVG 2 ikaja kuziondoa, kwa sababu watengenezaji wa vivinjari hawakuzitekeleza. Unachora embe, embe linabaki kwako nyumbani.

Linganisha na makongamano tunayoyajua sisi. Diani ni mji wa makongamano, hilo halina ubishi. Kila wiki kuna kundi la watu wenye beji shingoni hotelini, chai ya saa nne, sambusa ya nyama, na bango nyuma ya meza kuu linalotangaza warsha ya kujenga uwezo wa jambo fulani. Nimewahi kulipwa kuandika ripoti za warsha hizo. Hakuna kinachovunjika humo, maana hakuna kinachofunguliwa. Mwisho wa siku ya pili watu wamekubaliana na slaidi. Ila bango lile la nyuma ya meza kuu, bana, hilo lina mwenyewe: limechorwa Ukunda, kwenye duka lenye kompyuta moja na feni moja, na fundi ambaye hakualikwa hata kula sambusa.

Fundi huyo ukimuuliza anatumia nini atakwambia Corel. Ukimuuliza ni ya kununua, atacheka. Katika maduka yote niliyoingia kati ya Ukunda na Msambweni nimekutana na CorelDRAW ya kukreki, mara nyingi toleo la zamani linalojulikana halisumbui, lenye intaneti iliyozimwa ili lisijiripoti lenyewe. Simlaumu mtu. Yule aliyejifunza kwa rafiki, kwenye kompyuta ya rafiki, anaendelea na kilichokuwemo. Ninachokilaumu ni kwamba kwenye vikao ninavyovitazama huyu hayupo kabisa. Wakisema "mtumiaji" wanamaanisha mbunifu wa nembo za kampuni, au mchoraji wa vikatuni, au mtu wa kutengeneza vijipicha vya simu, na wote wana kompyuta zao binafsi. Wakimtaja anayetoka kwenye programu ya kulipia, wanamwazia mtu anayechoka na ada ya kila mwezi. Wa kwetu hajawahi kulipa ada yoyote. Ukimwambia Inkscape ni ya bure anakutazama kama umemuuzia maji mvuani. Corel yake nayo ni ya bure.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko Kiingereza, na tusikiachie. Kiingereza kina neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa mtu asiyefungwa, kwa hiyo wasanidi wao wanatumia nusu ya kila kikao kueleza wanamaanisha lipi. Sisi tuna bure na tuna huria. Wale waliofanya mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakatoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, walituonyesha kwamba kazi hiyo inawezekana kwa lugha hii. Corel ya kukreki ni ya bure na si huria. Siku likija toleo la Windows linaloikataa, faili zako zimefungwa na mlango, na huna wa kumgongea, maana hata risiti huna.

Tazama miji ambako Libre Graphics Meeting imepita: Lyon, Montreal, Wrocław, Brussels, Vienna, Madrid, Leipzig, Toronto, London, Rio de Janeiro, Seville, Saarbrücken, Rennes, Nuremberg. Afrika hakuna. Kwa hiyo kiti chetu ni rekodi, na kwenye rekodi kuna kasoro moja inayonitia wazimu kila mara. Mtu wa nyuma anauliza swali bila kipaza sauti, msanidi hasemi swali lilikuwa nini, anajibu tu: "Ndiyo, lakini hapo inategemea." Inategemea nini? Umekaa na jibu mkononi kama ufunguo wa mlango usioujua. Wenye vikao wakitaka kufanya jambo moja tu kwa ajili ya dunia isiyo na viza, warudie swali.

Na si kwamba watu hawa hawawezi kuja huku. FOSS4G, kongamano kubwa la programu huria za ramani, lilifanyika Dar es Salaam mwishoni mwa Agosti 2018. Ramani hizo nazo ni vekta: nukta ni kisima, mstari ni mtaro, umbo lililofungwa ni nyumba. Na Dar ilikuwa na la kuonyesha, kwa sababu tangu 2015 mradi wa Ramani Huria ulikuwa umewaingiza wanafunzi wa vyuo na wenyeji mitaani kuchora njia, mitaro na sehemu zinazofurika. Hapo mtumiaji hakuwa wa kubuniwa. Alikuwa mkazi anayejua maji yanapanda mpaka kiuno upande gani wa barabara. Jambo la namna hii likifanyika mahali, msamiati wa kikao unabadilika wenyewe, huhitaji kumkumbusha mtu.

Mfano mwingine mdogo, ambao naona haujapewa haki yake. Kwa vile SVG ni maandishi, faili moja linaweza kubeba lebo za lugha nyingi, na kifaa kinachofungua kikachagua ile ya mtazamaji. Wikimedia Commons wana kifaa chao cha kutafsiri michoro kwa njia hiyo bila kuuchora upya hata mstari mmoja. Kwale tuna kichocho, ugonjwa wa wale wanaooga na kufua kwenye mito na mabwawa, na michoro ya mzunguko wa kichocho ninayokutana nayo, konokono, maji, mtoto, mkojo, kisha maji tena, karibu yote ina lebo za Kiingereza na Kilatini. Mtu mmoja mwenye subira ya jioni mbili anaweza kuweka "konokono" palipoandikwa kitu kirefu. Agosti 2025 Wikimania ilifanyika Nairobi. Wakati ule nilikuwa najiuliza ni wangapi kati ya watu wa Pwani waliojua kwamba mchoro unatafsirika.

Nimesema nitafikia hasara yenyewe. Ni ya leso.

Shangazi yangu wa Msambweni yumo kwenye chama cha kina mama. Walipotimiza miaka kadhaa walichorewa leso yao: pindo la korosho, katikati kikapu, na jina KIBABA CHETU KIMEJAA. Aliyeichora alikuwa kijana wa duka fulani, na alichora vizuri, wallahi. Leso zikachapwa, zikaisha. Mwaka jana wakataka kuchapa tena, mfanyabiashara anayewapelekea oda akasema leteni faili. Kijana ameshakwenda Ghuba kutafuta maisha. Duka limekuwa la kuku na chipsi. Kilichobaki ni flashi, na ndani ya flashi faili moja linaloishia na .cdr.

"Mwanangu, wewe si unajua mambo ya kompyuta?"

"Shikamoo shangazi. Kidogo tu."

"Marahaba. Hicho kidogo ndicho tunachokitaka."

CDR ni faili la Corel, na Corel hawakuchapisha namna linavyoandikwa. Ukilifungua kwa Notepad unaona takataka. Lakini kuna watu waliokaa wakalichungulia baiti kwa baiti mpaka wakalielewa, wakaandika maktaba ya msimbo inayoitwa libcdr, na kazi hiyo iko chini ya Document Liberation Project, mradi uliotangazwa mwaka 2014. Ukombozi wa hati, ndivyo ninavyouita. Inkscape inaitumia maktaba hiyo. Vikao vyao ndivyo ninavyovipa maksi za juu kuliko vyote, na ni vigumu kuvitazama: slaidi zimejaa safu za tarakimu, sauti ni ya mtu aliyelala saa tatu, na hakuna hata picha moja nzuri. Ni kama kumsikiliza mzee anayesoma maandishi ya kaburi lililoliwa na chumvi. Hapa huwa alif. Hapa pamemomonyoka. Hapa nadhani ni jina la baba.

Faili likafunguka. Pindo lilikuja zima, kikapu kilikuja. Jina lilikuja kwa fonti nyingine, maana ile ya kijana haikuwemo kwenye mashine yangu, na fonti mpya ilikuwa pana, kwa hiyo KIMEJAA ikaenda kugonga korosho. Leso ambayo jina lake limebanwa na pindo, kina mama wa Msambweni hawaivai hata ukiwagawia. Hilo lilirekebishika kwa jioni moja.

Kilichonichukua wiki ni kona. Leso ina pindo linalozunguka pande nne, na pindo lile lina umbo linalojirudia. Inkscape ina kifaa cha kupanga nakala, na kina njia zote 17 za ulinganifu ambazo wanahesabu wanazijua, zile ambazo Fedorov alithibitisha mwaka 1891 kwamba hakuna nyingine kwenye bapa. Kila nakala imefungwa kwa mama yake: ukimbadilisha mama jani moja, watoto wote wanabadilika. Kwa mji wa leso, ile sehemu ya ndani yenye nakshi zilizotapakaa, hakuna kinachoishinda. Ningependa wasuka mikeka wa Kwale wakione kifaa kile, kwa sababu kwa ukili na rangi wameshafanya nyingi kati ya njia zile bila kuzipa namba. Lakini kifaa kile kinajaza uwanja, hakijui kukata kona. Kuna kingine kinachotandika nakshi juu ya mstari wowote utakaouchora, hicho kinafuata mstari kwa utiifu, na kwenye kona kali kinaivuta korosho mpaka inakuwa kama iliyopitiwa na boda.

Nilizitandaza leso zote za mama kitandani kuangalia mafundi wa zamani walifanyaje. Kuna zile ambazo pindo la juu linapita moja kwa moja na la ubavuni linagota chini yake, hakuna aibu. Kuna zile ambazo kona ina mraba wake na ua lake peke yake, pindo linasimama mlangoni pa ua. Na kuna mbili za "K.H.E. Mali ya Abdulla", zile za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambazo nakshi inageuka kwa utulivu kiasi kwamba unatafuta mshono huuoni. Mtu fulani alikaa akahesabu: marudio mangapi upande wa sentimita 150, mangapi upande wa 110, ili yote yafike kwenye kona yakiwa mazima. Hesabu ile iko ndani ya kitambaa kabla ya kompyuta yoyote.

Hilo ndilo swali ambalo sijaliona likiulizwa kwenye kikao chochote. Nembo, vijipicha, vikatuni, mabango ya tamasha, hayo nimeyaona. Kitambaa chenye pindo, hapana. Na si swali la watu wa Pwani peke yetu, kila anayechora zulia au kitambaa cha meza ana kona nne zile zile. Angekuwepo fundi mmoja wa Ukunda ukumbini, na kipaza sauti, angeliuliza dakika ya tano. Wasanidi wale ni watu wa kupenda matatizo, nimewatazama vya kutosha kujua hivyo. Wangegombana nalo mpaka chakula cha mchana.

Kuna na la rangi, nalipita upesi. Wenye mabango wanataka CMYK, rangi nne za wino, na Inkscape hadi toleo la 1.4 la Oktoba 2024 ilikuwa bado inatoa rangi za skrini. Njia ya kuzunguka ni kupitishia kazi kwenye Scribus, nayo programu huria, na mashabiki watakueleza njia hiyo kwa furaha kana kwamba kuzunguka ni sehemu ya safari. Kwa fundi mwenye mteja mlangoni hiyo ni sababu tosha ya kubaki na Corel yake, na sina la kumjibu. Kwa leso halikutusumbua. Mfanyabiashara alitaka kila rangi kivyake, rangi tatu, tabaka tatu, na hilo Inkscape inalifanya bila kulalamika.

Kona tukaamua ya ua. Shangazi ndiye aliyeamua, niliwapelekea michoro mitatu kwenye simu na wakaipigia kura kikaoni kwao. Likabaki jambo la jina. Ukituma maandishi kama maandishi, huko yanakokwenda yanaweza kukutana na fonti nyingine na KIMEJAA ikagonga korosho tena. Ukiyageuza kuwa maumbo hayatikisiki popote duniani, ila hayasomeki tena kwa Notepad: palipokuwa na neno KIBABA panabaki M na C na Z na tarakimu. Kwa hiyo kuna mafaili mawili. La maumbo limekwenda kwa mfanyabiashara. La maandishi liko kwenye flashi ya chama, ndani ya sanduku la shangazi, na nimewaandikia kwenye karatasi mstari wa ngapi jina linapatikana, wakitaka kulibadilisha.